Mzizi Uliovuka Kigingi cha Lindholm

Shangazi yangu Eulalia hakuwahi kuketi katika nyumba ya mtu bila kwanza kuinua ukingo wa zulia na kuchungulia chini yake. Alifanya hivyo kwetu, alifanya kwa padri, alifanya hata kwenye chumba cha daktari kule mjini Pemberton, na daktari akabaki amesimama na karatasi zake mkononi akimngoja amalize. Ukimuuliza anatafuta nini, anakwambia, "Sitafuti kitu. Naangalia tu." Kisha anaketi, ameridhika, kana kwamba sakafu imemjibu.

Alikuwa mchimba mizizi. Kwetu Lil'wat, wenyeji wa asili wa bonde moja la magharibi mwa Kanada, wanawake hushona vikapu kwa mizizi ya mwerezi, na kikapu kilichoshonwa vizuri unaweza kukitilia maji yasivuje. Wageni wakija husifu mishono na michoro. Hakuna anayeuliza mzizi ulitoka wapi. Shangazi aliwaona kama watu wanaosifu supu na kumsahau samaki.

Alizaliwa mwaka mmoja kabla ya mafuriko makubwa yaliyouhamisha mto wa bondeni kwetu. Alipokuwa na miaka saba watu wa serikali walimchukua kumpeleka shule ya bweni ya kanisa, na miaka tisa baadaye alirudi na mikono isiyojua kitu. Bibi yake hakumlaumu wala hakumhurumia. Alimpa muo, fimbo fupi ya kuchimbia yenye ncha iliyokaushwa motoni, akamwambia, "Twende." Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya kawaida: alivuna viazi katika mashamba ya watu, aliolewa na Basil aliyependa farasi wa mashindano kuliko chakula, akamzika Basil, hakupata mtoto. Lakini kila masika na kila vuli alikwenda mchangani.

Mchangani ni mahali. Mto ulipohama uliacha nyuma yake ukanda mrefu wa mchanga laini, na mierezi iliyokuwa ukingoni ikajikuta ina ardhi mpya mbele yake. Shangazi alipenda kusema kwamba mwerezi ni mvivu wa kuchimba na hodari wa kutembea. Hauna mzizi mkuu wa kuzama chini kama karoti. Unajitandaza. Mizizi yake inakwenda shubiri moja tu chini ya kuvumwani, lile zulia bichi la msituni, inapishana, inapandana, inashikana na ya jirani. Mahali penye mawe inajikunja na kujisokota hadi haifai hata kufungia kuni. Penye mchanga inanyooka. Kule mchangani unaweza kuupata mzizi mnene kama kidole kidogo cha mkono, ukaenda nao hatua kumi na usikute hata fundo moja.

Sheria zake zilikuwa chache. Usianzie shinani. Usichukue zaidi ya mizizi miwili kwa mti mmoja. Fukia nyuma yako kadiri unavyokwenda, maana mzizi ukipigwa na jua unakauka ukiwa bado umeshikamana na mti. Na usifike mwisho wake. Ncha ndiyo inayokunywa.

Oktoba ya mwaka 1998, viazi vikiwa vimekwisha kuvunwa, nilikuwa nyumbani kutoka chuoni. Niliongozana na shangazi mchangani asubuhi moja ya Ijumaa, tukakuta vigingi vimepigwa msituni, vimepakwa rangi ya chungwa vichwani, vimejipanga mstari mmoja kama watu wanaongoja kuhesabiwa. Mwishoni mwa mstari alikuwapo mzungu mrefu mwenye daftari. Alijitambulisha kwa heshima: Lindholm, mpimaji wa kampuni ya mbao. Barabara ya malori ya magogo itapita hapa.

"Lakini usiwe na wasiwasi, mama," alisema. "Mierezi hii ya ukingoni haitaguswa. Tumeiacha hatua arobaini nzima kutoka shinani."

Shangazi aliutazama mti mkubwa, kisha kigingi, kisha mti. "Mti utabaki umesimama juu ya nini?"

Lindholm alicheka kidogo. "Juu ya mizizi yake. Mizizi inaishia pale kivuli cha matawi kinapoishia. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Wapi?"

"Chuoni."

Shangazi akanigeukia. "Noreen, na wewe umefundishwa hivyo?"

"Mimi nasoma historia, shangazi."

"Basi huna hatia." Akamrudia mpimaji. "Baba, umepiga vigingi vyako mgongoni mwake. Malori yakipita hapa yatausaga mchanga uwe kama saruji. Mwaka wa kwanza hutaona kitu. Mwaka wa tatu kilele kinanyauka. Wa sita upepo unaulaza chini, na hiyo mingine nyuma yake."

Hakupandisha sauti, lakini nilijua anachohofia. Kulikuwa na miteremko mingine yenye mierezi, yote ya mawe. Sehemu ya pili ya mchanga ilikuwa mwendo wa siku nzima, na yeye alikuwa anakaribia miaka sabini. Mchangani pakifa, kikapu alichokuwa amekifikisha nusu nyumbani kingebaki nusu, na wanawake wanne aliokuwa akiwafundisha wangejifunza kushona kwa kitu gani?

Lindholm alikuwa mtu mwema, naye alikuwa na haraka. Ramani yake ilitakiwa ofisini kesho yake, na yeye angeondoka na gari saa tisa alasiri. "Mama," alisema, "siwezi kuhamisha barabara kwa maneno. Nionyeshe mzizi mmoja tu wa mti huu uliovuka kigingi changu, na nitaichora upya. Mmoja. Kabla ya saa tisa."

Nadhani alisema vile kumfariji mzee. Saa ilikuwa nne na nusu.

"Noreen," alisema shangazi, "kimbia. Niitie watu."

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia hivyo tena. Niliingia kwa baba mdogo Gaspard, ndugu yake shangazi, dereva wa trekta na mtani wa kijiji kizima, nikamkuta anakula mkate wa kukaanga. Nilipomweleza alisimama na mkate mdomoni. Yeye ndiye aliyepita akigonga milango. Saa tano hivi tulikuwa watu ishirini na mbili mchangani, na bado wengine wanakuja, wamebeba chai na samaki mkavu kana kwamba ni harusi.

Shangazi alikuwa ameshapiga magoti, hatua sita kutoka shinani. Alikunja kuvumwani kama mtu anayekunja blanketi la mtoto aliyelala, akaingiza vidole mchangani, akafumba macho. Vidole vilitembea. Vikasimama.

"Huyu hapa."

Mzizi ulitoka mwekundu wa udongo, mnyoofu, mnene kama kidole gumba. Aliuinua kidogo, mchanga mbele yake ukapasuka mstari, kama vile kuna mnyama mdogo anayekimbia chini kwa chini. Watu wakapiga kelele. Shangazi akausogelea ule mstari, akaufuata, na papo hapo, kwa mkono wa nyuma, akaanza kufukia alikotoka.

"Samahani, mama," Lindholm alisema. "Ukifukia nitaonaje? Mbele naona mzizi, nyuma naona mchanga tu. Nitajuaje ni uleule?"

Lilikuwa swali la haki. Kuacha wazi asingekubali, hata kwa ajili ya barabara. Shangazi alifikiri kidogo, akasema bila kugeuka, "Gaspard, njoo usimame hapa."

"Hapa wapi?"

"Juu yake. Na usiondoke."

"Nikiuumiza?"

"Ulivyokonda hivyo? Hata ukicheza ngoma hautajua upo."

Watu wakaangua kicheko, na hapo ndipo kila mtu akaelewa. Kila baada ya hatua tatu shangazi alifukia, na mtu mmoja akasimama juu ya pale alipofukia, akiangalia mbele. Ukitazama kutoka ukingoni uliuona mzizi wenyewe: safu ya watu wa Lil'wat, wanawake wenye mitandio, wanaume wenye kofia za shamba, mstari uliopinda kidogo tu kuelekea kwenye vigingi vya chungwa. Waliosimama waliwapigia kelele waliokuwa wanangoja zamu. Gaspard, aliyekuwa wa kwanza na mbali kuliko wote, alikuwa akitangaza kama mtangazaji wa mashindano ya farasi: "Eulalia anaongoza! Eulalia yupo hatua ya kumi na tano! Mzungu anatoka jasho!"

Na kweli Lindholm alikuwa anatoka jasho. Alitembea kando yetu akihesabu hatua kwa sauti, na alipopita mahali ambapo, kwa elimu yake, mzizi ulipaswa kuwa umekwisha, aliandika daftarini.

Hatua ya ishirini na nne mgongo wa shangazi ulikataa. Aliketi, akaomba chai. "Noreen, shika. Fuata tu, usivute."

Nilishika. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kijiji chote kilikuwa kinaniangalia. Hatua mbili mbele palikuwa na gogo lililooza, limelala kukingama njia. Mzizi uliingia chini yake. Nilipeleka mkono upande wa pili, nikapapasa, nikaupata: unene uleule, kina kilekile, mnyoofu. Nikaufuata. Nyuma yangu kelele zilikuwa zinapanda. Thelathini! Thelathini na tatu! Hatua ya arobaini kichwa changu kiligonga kigingi cha Lindholm, nikakipita kwa hatua nzima, nikasimama na mzizi mkononi nikiwa nimejaa mchanga hadi kwenye nyusi.

Ilikuwa saa nane kasorobo. Watu walikuwa wanakumbatiana. Walioko mstarini hawakuthubutu kuondoka, wakawa wanarukaruka palepale. Lindholm alivua kofia, akanipa mkono, akakishika kigingi chake kwa mikono miwili akaanza kukitikisa aking'oe.

Shangazi alikuja polepole, kikombe bado mkononi. Aliinama. Alikuna mzizi kwa ukucha wa kidole gumba, mara moja tu, akanusa.

"Baba," alimwambia Lindholm, "rudisha kigingi chako."

Hakuna aliyeelewa.

"Huu si wa mwerezi. Huu ni wa msonobari."

Nilitazama. Pale alipokuna palikuwa peupe, na utomvu umenata kwenye ukucha wake. Mzizi wa mwerezi ukikunwa una wekundu, na harufu yake inakupanda puani. Kukuna mara moja tu pale kwenye gogo, na ningejua. Mtoto wa kwetu wa miaka kumi anajua.

Gaspard aliacha nafasi yake akaja mbio, akamnong'oneza kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Dada, nyamaza! Mzungu hajui tofauti!"

"Mimi naijua."

"Alishakubali! Alishashika kigingi!"

"Nani kakuambia utoke mstarini?"

Watu wengine walikasirika waziwazi. Saba au nane, waliokuwa wanasubiriwa kwenye ghala la viazi, walitikisa vichwa wakaondoka. Mimi nilitamani mchanga unifunike. Shangazi hakunigombeza. Alinitazama tu akasema, "Gogo?"

"Gogo, shangazi."

"Hata mimi liliwahi kunidanganya. Haya, inuka."

Lindholm alikuwa amepiga magoti. Hakuna aliyemwambia. "Nionyeshe," alisema. Shangazi alimnusisha ule mweupe. Halafu akamchukua hadi kwenye gogo, akapeleka mkono chini, akapapasa muda mrefu, akakuna, akamnusisha wa pili. Uso wa yule mtu ulibadilika. Alinusa tena, kama mtu anayerudia kusoma barua.

"Mzizi huu unakwenda wapi?" aliuliza.

"Hilo ndilo tunalotafuta. Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika tano."

Mzizi wa kweli haukuelekea kule mimi nilikokwenda. Ulipokuwa chini ya gogo ulikata kushoto, ukaandamana nalo hatua nne, ukanywa uozo wake, kisha ukatokea kichwani mwake na kurudi mwelekeo wa barabara. Njia ikawa ndefu zaidi, na watu wamepungua. Nikamwona shangazi akifanya kazi kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Hakuchimba; alikuwa kama anafungua zipu. Mkono wa kulia unainua, wa kushoto unafukia, muo ameuuma kati ya meno. Mimi nilitangulia kuinua kuvumwani. Nilipoangalia pembeni nikakuta mikono mingine inaniinulia upande wa pili, mikono mirefu yenye saa. Lindholm alikuwa anatambaa.

"Taratibu, baba, utaung'oa," shangazi alimfokea.

"Samahani, mama."

"Vidole chini yake, si juu. Kama unamwinua kifaranga."

"Hivi?"

"Hivyo. Kumbe una akili."

Gaspard alianza tena kutangaza, safari hii sauti imekauka: thelathini na moja, thelathini na tano. Kwenye thelathini na sita mzizi uligawanyika mara mbili. Shangazi alikuna wote wawili, wote wekundu. Akachagua ule mwembamba. Gaspard alipiga yowe, "Mnene, dada, mnene!" na yeye akajibu, "Mnene umeridhika hapa. Mwembamba bado una safari."

Thelathini na tisa. Watu wa kusimama walikuwa wamekwisha. Kila mtu alikuwa juu ya nafasi yake, hadi padri, hadi mwenye duka aliyeacha duka wazi. Shangazi alifukia, akapita kando ya kigingi cha chungwa bila kukitazama, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mzizi bado unapasua mchanga mbele yake. Alikuna. Akanyoosha kidole. Wekundu ule tuliuona hata tuliokuwa mbali.

"Mtu mmoja asimame hapa," alisema.

Hapakuwa na mtu. Tulitazamana. Mimi nilikuwa nimeshika kuvumwani. Nikiachia linaanguka juu ya mikono yake.

Basi Lindholm akainuka, akajipangusa magoti, akasogea hatua tatu ng'ambo ya kigingi chake mwenyewe, akasimama juu ya mzizi, miguu pamoja, mikono ubavuni, kama askari. Kelele iliyopigwa pale iliwatoa kunguru wote kwenye miti.

Ilikuwa saa tisa na robo. Hakuna aliyekuwa ameangalia, na mwenye saa ndiye aliyekuwa amesahau kuliko wote.

"Mama," alisema akiwa bado amesimama vilevile, maana hakuna aliyemruhusu kuondoka, "mzizi huu unaishia wapi?"

"Sijui."

"Hujawahi kufika?"

"Bibi yangu hakufika. Na wewe hutafika leo. Tunaishia hapa, tunaufunika, tunakwenda kula."

Tulikula kwake hadi jioni. Kulikuwa na supu ya vichwa vya samaki, viazi, na lile povu la matunda mekundu machungu ambalo wageni hawaliwezi. Lindholm alikula bakuli mbili za povu, machozi yakimtoka, akidai ni tamu, na Gaspard akamwambia, "Shemeji, umeshaoa kijijini, bado tu hujaonyeshwa bibi harusi."

Ramani ilichorwa upya. Barabara ilipanda kilimani, kwenye mawe, ndefu kuliko ile ya kwanza, na nasikia Lindholm alisemwa sana kazini kwa ajili hiyo. Shangazi alimaliza kikapu chake majira ya baridi yaleyale. Aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, na katika miaka hiyo wale wanawake wanne wakafika tisa. Kila masika na kila vuli Lindholm alikuja mchangani kuchimba naye. Hakuwa hodari. Alikata mizizi mingi, alisahau kufukia, na shangazi alimtukana kwa furaha ambayo hakuwahi kunionyesha mimi. Lakini alijifunza kukuna.

Mara ya mwisho kumwona shangazi ilikuwa Jumatano, mwezi wa Aprili. Alikuwa kitandani kwake, amekuwa mdogo, mikono juu ya blanketi. Theluji ilikuwa imeondoka bondeni wiki ile. Nilimwambia kwamba nimepita mchangani, kwamba mierezi yote imesimama, kwamba nimeingiza kidole nikaona barafu imeisha. Alifumbua macho. Nilidhani ataniuliza kuhusu safari yangu, au kuhusu dawa, au atanipa neno la kuniachia. Aliinuka kwa kiwiko, amechangamka kabisa, kama mtu anayechelewa.

"Kama udongo umelainika unakaa hapa kufanya nini?" alisema. "Mpigie simu yule mzungu wetu, mwambie Jumamosi saa moja asubuhi, na mwambie asichelewe."